Blogu Ulizoniomba, na Kaburi la Mama Yako

Ilomba, Jumapili, saa tisa alasiri

Bupe mwanangu,

Salamu naziruka, maana bado uko hapahapa nyumbani na shikamoo yako ya asubuhi nimeshaipokea. Sasa hivi umekwenda kumuaga shangazi yako, na mimi dada yangu namjua, hatakuachia mpaka umekula mara mbili. Kwa hiyo nina masaa kama matatu. Nimefungua mlango mmoja wa duka, nimekaa nyuma ya kaunta katikati ya mifuko ya mbolea, naandika. Ukiona mwandiko umebadilika ghafla ujue alikuja mtu kutaka dawa ya viwavi.

Mambo ya kufunga mlango na kuchemsha maji sitakuandikia. Chumba cha Mlandege umekitafuta mwenyewe, kazi ya maabara umeipata mwenyewe, na gari la kukupeleka kazini Tosamaganga kila asubuhi utalijua wewe. Baridi ya Iringa haitakushangaza, tena sweta la mama yako unalo. Nataka kujibu swali lako la Alhamisi tu.

Ulikuwa unapiga pasi. Ukasema, hata kichwa hukuinua, "Baba, zile blogu zako za pesa, si unitajie mbili tatu nzuri nianze kuzifuata? Mshahara wa kwanza huo unakuja, nisije nikautafuna wote na mifupa yake." Nikacheka, nikakuambia nitakuandikia. Kisha nikatoka nje nikasimama kwenye tenki la maji, na wewe ukapiga kelele dirishani ukauliza kama bomba linavuja tena. Bomba lilikuwa zima, mama. Nilikuwa nalia.

Hukujua umeuliza nini. Hukujua kwa sababu kwa miaka mitatu sikukuambia, na leo ndiyo siku ya mwisho ninayoweza kukuambia ukiwa bado unalala chini ya paa langu.

Nianze na mazuri, nisije nikaonekana mtu wa kutukana kisima alichonywea maji. Ulipokuwa darasa la sita, hili duka lilikuwa linakufa. Nilikuwa nimewakopesha wakulima mbolea, mvua ikawageuka, nao wakaanza kupita barabara ya nyuma wasionane na mimi. Nikakopa kwenye simu. Nikakopa kwingine kulipa kule kwa kwanza. Siku moja kijana aliyekuja kununua mbegu ya mahindi akaniona nimeshika kichwa, akaniuliza kuna nini, nikamwambia, maana aibu ilikuwa imeshaisha. Akachukua simu yangu akanifungulia blogu moja ya mambo ya fedha. Akasema, "Mzee, soma hii taratibu, usilipe hata shilingi."

Nilisoma kama mtu mwenye njaa. Nilijifunza kutenganisha pesa ya duka na pesa ya nyumbani. Kabla ya hapo sukari, nauli na sadaka vyote vilikuwa vinatoka kwenye droo moja hii ninayoiegemea. Nilijifunza kulipa kwanza deni lenye riba kali. Nilijifunza kuweka akiba ya dharura hata kama ni ndogo ya kuchekesha. Ndani ya miaka miwili madeni yakaisha. Ada yako ya chuo ilitoka humo, na bati za nyumba zilitoka humo. Siwezi kukuambia blogu ni uongo.

Tatizo lilianza nilipofanikiwa. Nikawa mlokole wa pesa. Nikawa nafuata blogu saba, nane, kila moja inanitumia ujumbe asubuhi, na jioni namhubiria mama yako juu ya mboga. Yeye alikuwa kwenye mashine yake anafuma masweta ya shule, mashine inakwaruza huku na huku, nami naongea juu ya hiyo sauti habari za matundu yanayovujisha pesa. Nikimaliza anasema, "Amina, mchungaji," anaendelea kufuma. Mnacheka wote wawili. Nami nilikuwa nacheka.

Kati ya zile blogu kulikuwa na moja niliyoipenda kuliko zote. Aliiandika kijana mmoja wa Dar es Salaam, anaandika vizuri, ana maneno ya kuuma. Siku moja akaandika makala yenye kichwa "Misiba Inakula Mtaji Wako". Akasema Mtanzania hatoki kwenye umaskini kwa sababu kila wiki anachangia maiti ya mtu. Akasema piga hesabu ya michango, ongeza siku ulizofunga biashara, uone. Nikapiga. Nilikaa hapahapa kwenye kaunta, na jumla niliyoipata ilinitia hasira kama mtu aliyegundua ameibiwa.

Unakijua kikundi chetu cha mtaa cha kufa na kuzikana. Umekua unakiona. Kila nyumba inatoa kidogo kila mwezi, na mtu akifa, wanawake wanaingia na kuni na unga na masufuria, wanaume wanakesha kwenye moto na wafiwa, asubuhi wanakwenda kuchimba. Mwenye msiba hashiki jembe. Hiyo ni sheria ya kwetu kabla hata ya kikundi. Hata kwenda kulitazama kaburi kabla ya saa ya kuzika haruhusiwi.

Mimi nilitoka. Tena sikutoka kimya. Niliandika kwenye kundi la WhatsApp ujumbe mrefu wenye adabu nyingi, nikawashukuru, nikawatakia heri, nikabonyeza kutoka. Kesho yake mwenyekiti, Mzee Ambakisye, akaja dukani na fimbo yake. Hakununua kitu, alinisalimu tu kwa kilugha chetu.

"Baba Bupe, ugonile. Kuna mtu kakukosea kwenye kikundi?"

"Hapana mzee. Nimepiga hesabu tu."

"Hesabu za nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia nikiziweka zile pesa mwenyewe, siku yangu ikifika nitajigharamia bila kumsumbua mtu.

"Utajigharamia," akasema. "Na utajibeba?"

Nikacheka, Bupe. Nilidhani ni utani wa wazee. Akaondoka, na jioni nikamsimulia mama yako kama kichekesho. Mama yako hakucheka. Alisimamisha mashine, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mahubiri yangu makali. Akasema, "Haya. Wewe umetoka. Mimi sijatoka." Nikamwambia nyumba moja haiwezi kuwa na watu wawili wenye akili mbili. Akawasha mashine.

Miaka minne nikawa mtu wa kupita. Msiba ukiwa nyumba ya tatu, nasema pole kutoka barabarani, nakuja kufungua duka. Mama yako alikuwa anatoka na kanga mbili na kikapu, nami nilifikiri anakwenda kulia tu na wenzake. Sikumuuliza kikapu kina nini. Akiba yangu ilikuwa inakua, na mtu ambaye akiba yake inakua haulizi maswali mengi.

Halafu mwezi wa nane ule. Unayajua ya presha, jinsi alivyolalamika kichwa siku ya Jumanne na Ijumaa hayupo. Hayo sitayarudia, mkono wangu utakataa.

Nitakuambia usiyoyajua. Wewe ulikuwa kwenye basi unatoka Dodoma, ndiyo kwanza umemaliza chuo. Mimi nilikuwa na pesa. Jeneza nililipa taslimu, gari nililipa taslimu, viti hamsini nilikodi, na Mungu anisamehe, kulikuwa na kipande changu kilichokuwa kinajisifu kwamba sikumpitishia mtu bakuli. Asubuhi nikatoka nje. Jikoni wanawake walikuwa wamejaa tangu jana, nikadhani wamekuja kwa huruma. Kwenye viti hamsini kulikuwa na wanaume watatu: baba yako mdogo, mchungaji, na jirani yetu fundi baiskeli ambaye ana mguu mbovu.

Hakukuwa na mtu wa kuchimba.

Nikasema moyoni, si tatizo, kila kitu kina bei. Nikapiga simu stendi, wakaja vijana wanne na majembe na sururu. Tukapatana. Nikaenda nao makaburini mwenyewe kuwaonyesha mahali, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuwaonyesha. Wakachimba, redio ya simu inaimba. Walipofika kiunoni sururu ikaanza kulia juu ya jiwe. Mkubwa wao akapanda juu, akajipangusa.

"Mzee, hapa chini ni mwamba. Ongeza hamsini."

Nikasema, "Ishirini."

Soma tena hapo, mwanangu, usifikiri umekosea. Nilisema ishirini. Yeye akasema arobaini na tano, mimi nikasema tulishapatana, yeye akasema jiwe halikuwepo kwenye mapatano, mimi nikasema ishirini na tano ya mwisho. Mfukoni mwa koti nilikuwa na pesa ya kulipa makaburi manne. Nilikuwa nimezoea kwa miaka sita kutokubali bei ya kwanza, na ile tabia ilinitoka mdomoni yenyewe, nikawa nabishania kaburi la mama yako kama mtu anayenunua debe la viazi. Yule kijana akanitazama, nadhani aliona aibu kwa niaba yangu. Akasema, "Basi mzee, tafuta wengine." Wakakusanya vifaa. Jembe moja wakalisahau.

Nikaingia mle ndani. Na suti, na viatu vya kanisani. Nikachimba. Sijui ni muda gani. Najua nilikuwa naongea na mama yako kwa sauti, namwomba asubiri kidogo, na najua jembe lilikuwa linadunda tu juu ya lile jiwe.

Niliposikia watu nikainua kichwa. Ni wanawake. Wametoka jikoni na majembe ya nyumbani kwao, wamejifunga kanga kiunoni, mbele ni Mama Sekela muuza ndizi. Tangu nizaliwe sijaona mwanamke akichimba kaburi kwetu.

"Toka humo," akaniambia. "Mwenye msiba hashiki jembe."

"Mama Sekela, mimi si mwanakikundi."

"Tunajua. Mama Bupe ni mwanakikundi. Hajakosa mwezi hata mmoja."

Ndivyo nilivyojua. Wiki ileile niliyotoka, mama yako alikwenda kuandikisha nyumba upya kwa jina lake, akawa anatoa kwa pesa ya masweta, na kikapu kilikuwa na unga. Nikapanda juu, wakashuka wawili. Hawajachimba sana, wanaume wakaanza kutokea njiani, mmoja mmoja. Wake zao walikuwa wamewaachia maneno makali nyumbani. Mzee Ambakisye alikuwa wa kwanza kumpokea mwanamke jembe mkononi. Mimi hakuna aliyenisemesha. Nilikaa juu ya rundo la udongo mpaka wakamaliza.

Ulifika saa nane. Uliposhuka ulinikumbatia, ukarudi nyuma ukaniangalia suruali. "Baba, mbona umejaa udongo?" Nikakuambia gari limenirushia tope. Mwezi wa nane, Bupe. Tangu lini kuna tope Ilomba mwezi wa nane? Hukuuliza tena. Sijui kama uliniamini au ulinihurumia, na kwa miaka mitatu nimeogopa kujua ni lipi.

Miezi miwili baada ya hapo, nimekaa dukani, simu ikalia, makala mpya. Yule kijana wa Dar alikuwa amefiwa na baba yake kijijini kwao. Alikuwa anawashukuru majirani. Aliandika kwamba vijana wa kijiji walichimba bila kumdai hata soda, na kwamba siku ile alielewa utajiri ni nini. Watu mamia walimwandikia pole. Mimi nikaandika maoni marefu chini yake, nikayafuta, nikaandika tena, nikafuta. Mwisho nikaandika "Pole sana ndugu," maana kweli alikuwa amefiwa. Alikuwa kijana tu anayeandika. Hakuna aliyenishika mkono kubonyeza kutoka.

Sasa ujibiwe swali lako, nisije nikakuacha na kilio peke yake.

Mkulima akija kwangu kutaka mbegu ya mahindi, kitu cha kwanza namuuliza shamba liko wapi. Mfuko umeandikwa ukanda wake: huu wa nyanda za juu, huu wa kati, huu wa chini. Mbegu ya chini ukiipanda kule milimani Mporoto itaota vizuri tu, itakuwa kijani, utafurahi, halafu baridi itaikuta haijakomaa. Mbegu haina kosa. Blogu nazo ziko hivyo, ila hakuna anayeziandika ukanda kwenye mfuko. Inabidi uutafute mwenyewe. Anayeandika anaishi wapi? Analea nani? Akiugua, nani anamletea uji? Ukisoma makala kumi na hujajua hata kimoja kati ya hivyo, endelea kusoma, lakini usivunje kitu chako kwa sababu yake.

Angalia anauza nini. Mimi ni muuza duka, sina ugomvi na kuuza. Lakini yule ambaye kila makala yake inaishia kwenye kozi ya kulipia, au kwenye kundi la siri la uwekezaji, huyo anakusomea bei. Mtu wa faida ya haraka mfungie kabisa. Tafuta anayekuambia alipoteza wapi, kwa shilingi, na bila kujigeuza shujaa. Teremka kwenye maoni usome watu wanauliza nini, na kama anawajibu au anawafukuza. Na ukipata ushauri mzuri, ujaribu kwenye kitu kidogo kwanza, kama tunavyopanda mstari mmoja kabla ya ekari. Mimi nilipanda ekari nzima.

Ninayoifuata sasa ni moja. Anaiandika mwalimu mstaafu, mama wa Njombe, anatoa makala moja kwa mwezi na nyingine anachelewa kwa sababu ya kupanda viazi. Inaeleza mikopo ya mshahara vizuri, jambo ambalo litakusaidia, maana watakuja kukukopesha kabla hujapokea hata mwezi wa pili. Msomaji mmoja alimuuliza kama aache kumsaidia mdogo wake, akajibu, "Hilo sijui, mimi simjui mdogo wako." Nikasema huyu ndiye. Nitakutumia kwenye simu.

Ukifika Mlandege, kabla hujaingiza hata bando la kusomea, muulize mwenye nyumba nani anakusanya ya misiba pale mtaani. Jiandikishe. Kwa jina lako.

Mimi huku naendelea. Mwezi ule uliofuata mazishi nilipeleka mchango, nikasema nauendeleza wa Mama Bupe. Mama Sekela akaurudisha mkononi mwangu taratibu kabisa. Akasema, "Jina hilo tumelizika." Nimeomba kurudi kwa jina langu mara tatu. Mzee Ambakisye anasema watalijadili. Siwalaumu. Umekuwa ukiniuliza ninakwenda wapi na jembe asubuhi, nami nasema kuna shamba la mteja. Ni makaburini, mwanangu. Kila msiba wa mtaa huu nakwenda kuchimba. Hawanikaribishi na hawanifukuzi. Wananiachia zamu, nachimba, nanawa, nakuja kufungua duka saa saba, na hasara yake siipigi hesabu.

Nakusikia getini, unacheka na mtoto wa jirani. Kicheko ni cha mama yako kabisa, na kesho saa kumi na mbili kitapanda basi. Nyumba hii sijawahi kukaa peke yangu hata siku moja, Bupe. Naogopa. Nimeona nikuandikie hilo nalo, kwa kuwa leo nimeamua kusema kweli.

Jambo la mwisho. Siku yangu ikifika, huenda watakuwa wameshanipokea, nawe utakuta vijana wa mtaa wameshamaliza kila kitu, useme tu ndaga, asanteni. Lakini kama utakuta viti vitupu, usiwalaumu watu wa Ilomba, na usishike jembe. Nenda stendi ukatafute vijana. Pale chini kuna mwamba, watakuongezea bei wakifika kiunoni.

Wape wanachotaka, mwanangu. Usiombe wapunguze.

Baba yako